Mwongozo kamili: kusanifu beseni la kutuliza maji chini ya utoro wa bwawa

Utoro ni njia inayomwaga maji ya ziada ya bwawa, na beseni la kutuliza maji ni sakafu ya zege yenye kuta, chini ya utoro, ambapo maji hayo yanapunguzwa kasi kabla ya kuingia mtoni. Kosa katika kulisanifu ni lilelile kila mara. Faili linaletwa mezani kwangu hapa Ubungo, fomula ya mruko wa maji imepigwa vizuri hadi desimali ya tatu, na sakafu ya beseni imechorwa usawa mmoja na kitako cha mto. Halafu hakuna ukurasa hata mmoja unaosema mto wenyewe utakuwa na kina gani siku hiyo ya mafuriko. Nimewaeleza wahandisi vijana mmoja mmoja kwa muda mrefu. Sasa naandika kwa wote.

Kabla ya hesabu, nenda jikoni. Fungua bomba juu ya sinki tupu. Maji yanapogonga chini yanasambaa kama duara jembamba lenye kasi, kisha ghafla yanainuka na kwenda polepole. Ukingo wa duara hilo ndio mruko wa maji. Sasa ziba tundu la sinki, maji yajae. Duara linarudi nyuma kuelekea bomba, na mwishowe linazama. Bomba hukuligusa. Kilichobadilika ni kina cha maji yaliyo mbele.

Shika hilo, kwa sababu beseni linasanifiwa kwa maji yanayolisubiri chini sawasawa na yanavyoshuka kutoka juu.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Mafuriko ya usanifu, yaani mtiririko ambao beseni linasanifiwa kuubeba, pamoja na mafuriko makubwa zaidi ya kuhakiki na mengine madogo mawili au matatu.
- Sehemu mtambuka za mto (umbo la mto ukikatwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo) zilizopimwa upande wa chini wa bwawa, angalau tatu, zikienda mbali kiasi cha kupata mteremko halisi wa mto. Moja haitoshi.
- Vipimo vya utoro: upana, usawa wa ukingo wake (pale maji yanapoanza kumwagika), mteremko wake.
- Ripoti ya udongo au mwamba mahali sakafu itakapokaa, na usawa wa maji ya ardhini, hasa wakati wa masika.
- Programu ya majedwali kama Excel. Hesabu hizi zinarudiwa mara nyingi, na mkono huchoka ukaanza kukosea.
- Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi atakayeweka sahihi. Bwawa si karo la maji machafu, na likivunjika wanaoumia ni watu wa chini ya mto ambao hawakuulizwa.

Mwongozo huu unafaa mabwawa madogo na ya kati. Kwa bwawa kama la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye ukuta wa mita 131, hesabu za mezani ni mwanzo tu. Kazi ya ukubwa huo inahitaji modeli ya maabara.

## Mfano tutakaoutumia

Bwawa la udongo lenye utoro wa zege. Mafuriko ya usanifu ni mita za ujazo 60 kwa sekunde. Utoro una upana wa mita 12, kwa hiyo kila mita ya upana inabeba 5. Ukingo wa utoro uko usawa wa 100.00 (usawa wote hapa ni mita kutoka alama moja ya kupimia), na kitako cha mto chini kiko 88.00. Kwa kigezo cha ukingo cha 2.1, namba inayoonyesha jinsi ukingo unavyopitisha maji, maji yatapanda mita 1.78 juu ya ukingo, yaani hadi 101.78.

## Hatua ya 1: Ujue mto kwanza

Tengeneza jedwali la mtiririko na usawa wa maji mtoni kwa fomula ya Manning, inayounganisha mtiririko na kina, mteremko na ukwaruzo wa mto. Mto wetu una upana wa mita 20 chini, kingo zenye mlalo wa 2 kwa 1 (mita 2 za mlalo kwa kila mita 1 ya kupanda), mteremko wa 0.002 na ukwaruzo wa 0.035. Kwa mtiririko wa 60, kina ni mita 1.62. Usawa wa maji ni 89.62.

Hatua hii inakuja kwanza kwa sababu ukianza na beseni, utaulazimisha mto ukubaliane nalo, na mto haukubali.

Tahadhari: watu wengi hukuza ukwaruzo "kwa usalama". Hapa usalama uko upande wa pili. Ukwaruzo mkubwa unaonyesha mto wenye kina kirefu kuliko ukweli, na beseni linaonekana zima kwenye karatasi tu. Piga hesabu pia kwa 0.030. Kwa mto wetu usawa unashuka hadi 89.48. Sentimita 14 hizo tutazihitaji baadaye.

Jambo lingine, na hili ni letu kabisa watu wa ukanda huu: mchanga. Mito mingi inayozunguka Dar es Salaam inachimbwa mchanga wa ujenzi, na kitako chake kinashuka. Juu ya hapo, bwawa lenyewe linazuia mchanga, kwa hiyo maji yanayotoka ni masafi na yana njaa, yanaanza kula kitako cha mto upande wa chini. Usawa unaopima leo si utakaokuwepo baada ya miaka kumi. Waulize wazee wa pale mto ulikuwa wapi walipokuwa watoto. Nawaambia kwa uzoefu, jibu lao mara nyingi lina thamani kuliko ramani.

Umefaulu ukiwa na mchoro wa mstari mmoja: mtiririko huku, usawa wa maji ya mto kule.

## Hatua ya 2: Kasi na kina mguuni mwa utoro

Chukua anguko lote kutoka usawa wa maji ya bwawani hadi sakafu ya beseni, kisha punguza msuguano. Kwa utoro mfupi wa zege laini, asilimia 10 inatosha. Usichukue zaidi bila hesabu ya kina, kwani ukizidisha upotevu unapata kasi ndogo ya uongo.

Kwa jaribio la kwanza weka sakafu kwenye 88.00, palepale ambapo kila mtu huiweka. Anguko ni 13.78, na baada ya msuguano inabaki 12.40. Kasi inatoka 15.39 m/s, na kina cha maji mguuni ni mita 0.325.

## Hatua ya 3: Namba ya Froude na kina kinachohitajika

Namba ya Froude ni kasi ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha (9.81 × kina), 9.81 ikiwa ni mvutano wa dunia. Hapa ni 8.62.

Namba hii inakueleza tabia ya mruko. Chini ya 1.7 ni mawimbi tu, na hadi 2.5 mruko ni dhaifu. Kati ya 2.5 na 4.5 mruko unayumba na kurusha mawimbi mbali chini ya mto, yakila kingo, kwa hiyo likwepe eneo hilo ukiweza, kwa kubadilisha upana. Kati ya 4.5 na 9 mruko umetulia na unafanya kazi vizuri. Juu ya 9 unakula nishati nyingi zaidi lakini uso wake unachafuka.

Chukua kipeuo cha pili cha (1 + 8 × Froude × Froude), toa 1, kisha zidisha kwa nusu ya kina cha kwanza: hicho ndicho kina baada ya mruko. Kwetu: mita 3.80.

Hapa ndipo faili nyingi zinapofungwa. Usifunge.

## Hatua ya 4: Linganisha na mto, kisha shusha sakafu

Beseni lenye sakafu 88.00 linataka maji yasimame usawa wa 91.80. Mto unatoa 89.62. Pengo ni mita 2.18.

Pengo hilo maana yake ni kwamba mruko hautakaa ndani ya beseni. Utafagiwa nje, na maji yenye kasi ya zaidi ya mita 15 kwa sekunde yatapita juu ya zege lako na kwenda kutua kwenye udongo. Niliwahi kuitwa kwenye bwawa moja la kijiji baada ya masika moja tu. Beseni lilikuwa zima, halina hata ufa, na mbele yake kulikuwa na shimo ambalo mtu mzima angesimama ndani asionekane. Zege lilikuwa limeanza kuning'inia. Mchoro wake ulikuwa na hesabu sahihi hadi hatua ya 3.

Dawa ya kwanza ni kushusha sakafu. Lakini kila unaposhusha, anguko linaongezeka, kasi inapanda na kina kinachohitajika nacho kinapanda. Ndiyo maana unarudia hesabu hadi pande mbili zikutane. Ongeza asilimia 5 kwenye kina kinachohitajika kama akiba.

Kwa mfano wetu zinakutana sakafu ikiwa 85.40:

- kasi mguuni 16.83 m/s, karibu kilomita 60 kwa saa
- kina mguuni mita 0.297
- namba ya Froude 9.86
- kina baada ya mruko mita 4.00, na pamoja na akiba 4.20
- usawa unaohitajika 89.60, mto unatoa 89.62

Sakafu iko mita 2.60 chini ya kitako cha mto. Mwenye mradi atalalamika juu ya uchimbaji na pampu, na ana haki ya kuuliza. Mpe dawa ya pili: kupanua. Utoro ukianza na mita 12 juu na kufika chini ukiwa 18, kila mita ya upana inabeba 3.33 tu, na sakafu inaweza kukaa 86.20. Umeokoa sentimita 80 za kina.

Lakini kuta za utoro hazifunguki upendavyo. Ukizifungua haraka, maji yanaachana na ukuta na kukimbilia katikati. Kanuni ni kwamba kwa kila mita 1 ya kufunguka upande mmoja, utoro uende mbele mita zisizopungua mara 3 ya namba ya Froude ya wastani. Kwa wastani wa 6.3 na mita 3 kila upande, unahitaji utoro wa karibu mita 57. Kama huna urefu huo, baki na mita 12 uchimbe. Tunaendelea na 12.

Tunajuaje nishati inaisha kweli? Nishati hapa tunaipima kama kimo cha maji. Kabla ya mruko kulikuwa na mita 14.74 za nishati. Baada yake kuna karibu 4.08. Kwa mtiririko wa 60, mruko unameza takribani megawati 6.3. Beseni lisipozimeza, mto utazimeza kwa kula kingo zake.

## Hatua ya 5: Rudia kwa mafuriko mengine

Mafuriko makubwa si lazima yawe mabaya kuliko yote. Kuna mito ambayo kwa mtiririko mdogo ina kina kidogo mno, na mruko unatoroka wakati huo.

| Mtiririko | Usawa unaohitajika, bila akiba | Usawa wa mto |
|---|---|---|
| 20 | 87.72 | 88.85 |
| 40 | 88.67 | 89.28 |
| 60 | 89.40 | 89.62 |
| 80 | 90.01 | 89.92 |

Kwenye 20 na 40 tuko salama. Kwenye 80, mafuriko ya kuhakiki, tumepungukiwa sentimita 9. Mruko utasogea hadi ukingoni mwa beseni. Kwa mafuriko ya nadra hivyo, na bloku za zege tutakazoweka mguuni mwa utoro, mimi hukubali. Nisichokubali ni kuficha mstari huo wa 80.

Sasa rudi kwenye ukwaruzo wa 0.030. Kwenye 60 mto unatoa 89.48, bado juu ya 89.40. Akiba imeliwa lakini mruko umebaki ndani. Kitako kikishuka nusu mita kwa mchanga kuchimbwa, unapata 88.98, na hapo beseni limeshindwa. Ikiwa mto wako una wachimbaji, jenga kizingiti imara cha zege mtoni upande wa chini ili kitako kisishuke, au shusha sakafu zaidi tangu sasa. Usitegemee bango la kukataza uchimbaji.

## Hatua ya 6: Chagua aina ya beseni na urefu

Mabeseni yanayotumika zaidi ni yale yaliyojaribiwa na Bureau of Reclamation, idara ya serikali ya Marekani inayojenga mabwawa. Kwa Froude ya juu ya 4.5 una mawili ya kuchagua.

Aina ya III ni fupi, karibu mara 2.7 ya kina baada ya mruko. Kwetu ingekuwa mita 11. Ufupi wake unatokana na bloku za katikati zinazopigwa na maji uso kwa uso. Mpaka wake ni kasi ya mita 15 hadi 18 kwa sekunde. Zaidi ya hapo mapovu ya kavitesheni, yanayozaliwa na kupasuka kwa nguvu ndani ya maji ya kasi, yanatafuna bloku hizo.

Aina ya II haina bloku za katikati, na urefu wake ni mara 4.3, yaani mita 17.2.

Kasi yetu ya 16.83 imekaa katikati ya mpaka. Mwenye mradi atataka fupi. Mimi nachagua Aina ya II, kwa sababu anayekarabati bloku zilizotafunwa chini ya mita 4 za maji, kijijini, bila pampu kubwa, hayupo. Vipimo vyake:

- Bloku za mguuni mwa utoro: kimo, upana na nafasi kati yake vyote ni sawa na kina cha kwanza, sentimita 30. Acha nusu ya nafasi hiyo kila upande kabla ya ukuta.
- Kizingiti cha mwisho chenye meno: kimo ni 0.2 ya kina baada ya mruko, sentimita 80. Upana wa jino na wa pengo ni 0.15, sentimita 60.

## Hatua ya 7: Unene wa sakafu

Hapa ndipo palipo hatari isiyoonekana. Mwanzoni mwa beseni juu ya sakafu kuna sentimita 30 za maji. Chini ya sakafu, maji ya ardhini yanaweza kusimama usawa wa mto, mita 4.2 juu ya uso wa sakafu. Tofauti ya mita 3.9 inaisukuma sakafu kwenda juu.

Zege lina uzito wa kilonyutoni 24 kwa mita ya ujazo, likizama linabaki na 14.2. Ukitegemea uzito wake peke yake unahitaji unene wa mita 2.70. Ndiyo, mbili na sentimita sabini. Nikiona sakafu ya sentimita 40 bila mifereji chini yake, narudisha mchoro bila kusoma ukurasa unaofuata.

Njia nafuu zaidi ni hizi, na mara nyingi zinatumika pamoja:

- Tabaka la kokoto safi na chujio chini ya sakafu, lenye mabomba ya kutoa maji. Likipunguza msukumo kwa nusu, unene unashuka hadi mita 1.35. Kokoto ziwe ngumu na zimeoshwa, kama zile zinazoletwa Dar kutoka Lugoba. Zenye vumbi zitaziba chujio kabla ya masika ya pili.
- Nanga za nondo zilizochomekwa ndani ya mwamba na kujazwa saruji, kama mwamba upo. Kwenye udongo usizihesabu.
- Mpira wa kuzuia maji kwenye kila jointi. Maji ya kasi yakiingia kwenye jointi, kasi inageuka kuwa shinikizo chini ya sakafu. Februari 2017 utoro wa bwawa la Oroville huko California ulipasuka hivyo, maji yakipenya kwenye jointi na nyufa za sakafu yake, na watu wapatao 188,000 wakahamishwa.

Usiruhusu sakafu ya mbele ikae juu kuliko ya nyuma kwenye jointi, hata kwa milimita tano. Kidato kinachotazama maji ni mdomo wa kuyameza. Afadhali ya mbele iwe chini kidogo.

Usisahau siku ya matengenezo. Beseni likikaushwa wakati maji ya ardhini yamejaa, msukumo wote unabaki na juu hakuna kitu. Andika kwenye mchoro kwamba beseni likaushwe kiangazi tu.

## Hatua ya 8: Kuta

Maji ya mruko hayatulii kama ya kwenye ndoo. Yanarusha. Akiba ya juu ya ukuta ni 0.1 mara jumla ya kasi na kina: 0.1 × (16.83 + 4.00), karibu mita 2.08. Ukuta unafika 91.70, kimo cha mita 6.3. Usanifie pia ukiwa na udongo wenye maji nyuma na beseni tupu mbele. Hiyo ndiyo hali mbaya kuliko zote.

## Hatua ya 9: Kutoka beseni kwenda mtoni

Juu ya kizingiti ni 86.20, mto ni 88.00. Unapanda mita 1.8. Panda taratibu, mlalo wa 4 kwa 1, mita 7.2.

Maji yakifika juu yana kasi ya karibu 3.1 m/s na bado yamechafuka. Kwa hali hiyo jiwe la wastani linahitaji kipenyo cha sentimita 40, kilo 90 hivi. Panga tabaka la sentimita 80 juu ya chujio.

Sasa tahadhari ambayo vitabu huipitia haraka. Mawe yaliyolegea kwenye mteremko unaoelekea beseni huviringika na kurudi ndani. Mruko unayazungusha usiku kucha, nayo yanasaga zege kama kinu. Nimeona nondo zikiwa nje kwa ajili ya mawe machache tu. Kwa hiyo mteremko huo wa mita 7.2 ujengwe kwa zege, au kwa mawe yaliyoshikwa kwa saruji na kuachiwa matundu ya kupumulia. Mawe makavu au gabioni (vikapu vya waya vilivyojazwa mawe) zianzie baada ya hapo. Na weka uzio pembeni, maana watoto hupenda kurusha mawe majini.

## Hatua ya 10: Masika ya kwanza

Kabla ya mvua, pima kitako cha mto kila mita 5 hadi mita 50 chini ya kizingiti, na weka alama za rangi za usawa ukutani. Utoro unapomwaga, simama juu ya ukuta na utazame. Povu jeupe lianze karibu na bloku za mguuni na liishe kabla ya kizingiti. Maji yanayovuka yawe ya mawimbi madogo, si ulimi laini wenye kasi. Ukiona ulimi huo, mruko umetoka. Soma alama ya usawa wa mto na uandike saa.

Kiangazi kikiingia, kausha beseni, toa kila jiwe na kila gogo, pitisha mkono kwenye jointi zote, kisha pima mto tena palepale. Linganisha vipimo viwili. Shimo la sentimita 20 au 30 linalotulia baada ya msimu wa pili ni la kawaida. Linaloongezeka na kurudi kuelekea kizingiti linataka uanze tena kutoka hatua ya 1, na usawa mpya wa mto.